Nafasi ya Mjumbe

Tangazo lilisema: wanatafutwa watu kumi na wawili
kwa tanzia ya kale, imefasiriwa Kiswahili,
ukumbi wa harusi nyuma ya duka la matairi, Al-Hail,
Alkhamisi baada ya Isha. Uzoefu si lazima.

Siku tisa nilimkariri malkia,
nikichambua mchele, nikikunja nguo,
hata mjukuu akauliza:
bibi, unagombana na nani jikoni?

Viti bado vimevaa vitambaa vya harusi ya jana,
kila kimoja na fundo la utepe mgongoni.
Kiyoyozi kinakohoa.
Mwongozaji ni Yaarub, mhandisi wa mabomba ya mafuta;
anatutazama kama anayetafuta pa kuvuja.

Thuraiya alimsoma malkia kabla yangu.
Akaanguka, akapiga kifua, bangili zikaitikia.
Ukumbi ukapiga makofi, nami nikapiga,
huku nahesabu: miaka sitini na miwili, goti moja bovu,
na malkia huyu anaanguka mara tatu kila usiku.

"Bi Rayya," akasema Yaarub, kwa adabu iliyokata kama wembe,
"hebu wewe tusomee mjumbe."

Mjumbe hana jina. Ana ukurasa mmoja.
Anaingia, anasema mtoto amekufa, anatoka.

Sikuwaambia
kwamba miaka ishirini na tatu nilikaa zamu ya usiku
kwenye dawati la simu, hospitali kubwa ya Maskati.
Ajali za njia ya Ibri, dakika kumi kabla ya futari.
Nilijifunza: usianze na pole,
pole ni mlango, na mtu huona nani anaingia.
Uliza kwanza: uko na nani hapo nyumbani?
Uliza: umekaa?
Neno lenyewe hatukuruhusiwa kulitamka.
Tulisema njooni.
Njooni, na kitambulisho chake.

Kuna mama mmoja wa Bahla aliniambia,
"Ngoja kwanza nizime jiko,"
akaiweka simu chini, nikamsikia:
mfuniko, maji, kijiko,
nyayo zikienda, zikirudi, zikienda,
muda mrefu,
kwani jiko likiwa bado linawaka
mwanawe yu njiani, anakuja kula.

Nikasimama mbele ya vile viti vya utepe
nikasoma. Sikupandisha sauti.
Nilipofika pale mstari unapotaka neno
nikanyamaza, kadiri ya kuzima jiko.
Kisha nikalisema.
Mara ya kwanza kwa kinywa changu, mbele ya watu:
amekufa.
Mtu akaacha kutafuna njugu.

"Vizuri," Yaarub akasema. "Lakini tia kilio kidogo, bibi.
Hii ni tanzia."

Tanzia.
Lugha yetu imeweka neno moja
kwa mchezo wa jukwaani na kwa lile tangazo la redio
lenye jina la marehemu, wanawe, saa ya maziko.
Nikamwambia: mjumbe halii, mwanangu.
Akilia yeye, mwenye msiba ndiye atakayembembeleza.
Mjumbe hulia garini, kwenye maegesho, alfajiri,
akimaliza akafuta kioo
kama kwamba ni umande tu.

Akaandika kitu. Hakuinua uso.
"Ahsante, Bi Rayya. Tutakupigia simu."

Tutakupigia simu!
Nilicheka peke yangu mpaka kwenye matairi,
mlinzi akadhani nimeshapata.

Leo Jumatatu.
Simu iko mezani, ubavuni mwa birika la kahawa.
Nimekaa.
Niko na mjukuu wangu hapa nyumbani.
Jiko nimelizima.